Alfajiri, Usiku au Siku za Kujitenga: Ratiba Ipi Ikufae Kuandika Riwaya Ukiwa Unguja au Pemba

Anayeandika riwaya katika visiwa hivi huiandika pembeni ya kazi nyengine. Hata waliotutangulia walikuwa hivyo. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Adam Shafi alikuwa mwandishi wa habari. Said Ahmed Mohamed alisomesha skuli, kisha vyuo vikuu, kikiwemo cha Bayreuth kule Ujerumani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alisomesha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka alipostaafu. Basi usisubiri siku ambayo utakuwa huna kazi ya kufanya. Jambo la kuamua ni kipande gani cha siku, au cha mwezi, utakikata na kuipa riwaya, na kukilinda kisiliwe na mengine.

Wengi ninaozungumza nao wamekwama baina ya njia tatu: kuamka alfajiri, kukesha baada ya Isha, au kuacha siku za kazi zipite bila kuandika na kukusanya siku nzima nzima za kujitenga, mjini au shamba. Zote tatu zimezaa vitabu. Lakini haziwafai watu sawasawa, wala haziifai kila hatua ya kazi.

Vipimo vya kupimia

Kwanza, utulivu: nani anaweza kukukatiza saa hiyo, na kwa haki gani? Pili, joto na mwanga, kwani kichwa cha mwandishi wa pwani hakikai mbali na feni. Tatu, nyumba na kazi: nani analipia saa yako? Ukijifungia wewe, kuna mwengine anayepika, anayeosha watoto, anayepokea wageni. Nne, uzi wa hadithi, yaani umbali baina ya kikao kimoja na kinachofuata.

Hiki cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na watu hawakitaji. Wanahesabu maneno tu. Haya, tuhesabu. Chukua riwaya ya maneno 60,000. Anayeandika maneno 300 kila alfajiri, siku tano kwa wiki, ataimaliza rasimu kwa wiki 40. Anayeandika maneno 400 usiku, mara nne kwa wiki, atatumia kama wiki 38. Anayejitenga siku tatu kila mwezi na kuandika maneno 1,500 kwa siku atachukua miezi 13 na kidogo. Kwa riwaya, tofauti ya miezi minne si kubwa. Kubwa ni kwamba wa alfajiri hakai mbali na wahusika wake zaidi ya siku mbili, na wa kujitenga anakaa nao mbali karibu mwezi mzima. Akirudi, inambidi aisome kazi upya, asikilize tena sauti ya msimulizi, akumbuke kwa nini Bi fulani alinuna katika sura ya nne. Asubuhi nzima inaweza kwisha hivyo kabla hajaandika sentensi mpya.

Kipimo cha tano ni hatua ya kazi: unaandika rasimu, au unasahihisha? Hizi ni kazi mbili zinazotaka akili mbili tofauti.

ALFAJIRI

Utulivu. Hapana saa iliyo salama kama hii. Baada ya sala ya alfajiri hakuna anayebisha hodi, simu hazilii, baraza hazina watu. Hata jamaa anayependa kuja bila taarifa haji saa kumi na moja. Zipo sauti: jogoo, muuza mkate anayepita na baskeli, anayefagia uwanja wa jirani. Lakini hizo ni sauti zisizotaka jibu, na mwandishi hasumbuliwi na kelele kama anavyosumbuliwa na kuulizwa.

Joto na mwanga. Ni saa ya baridi kuliko zote, hata wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, mchana unapochoma. Na tuna neema ambayo waandishi wa nchi za mbali hawana: tupo karibu na ikweta, nyuzi sita hivi kusini yake, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa nzima tangu Januari mpaka Disemba. Ukijiwekea saa ya kuandika leo, mwezi wa Julai jua litachelewa kwa kama nusu saa tu, likizidi sana. Mazoea yanajengeka juu ya kitu kilichotulia.

Nyumba na kazi. Hapa ndipo pagumu. Anayetakiwa ofisini mapema, naye anakaa Fuoni au Bububu na lazima apande daladala, anabakiwa na saa moja, pengine chini ya hapo. Kwa mama mwenye watoto wa skuli, alfajiri si saa yake kabisa: kuna chai, kuna kupasi nguo za skuli, kuna mtoto anayetafuta kiatu cha pili. Ninapomsikia mwanamme akiwashauri waandishi wote waamke alfajiri kama yeye, huwa nataka kujua nani anachemsha chai nyumbani kwake. Mama wa namna hiyo mara nyingi ana saa yake nyengine ambayo haimo katika njia hizi tatu, nayo ni alasiri, watoto wanapokuwa chuoni wakisoma Kurani na nyumba imetulia mpaka karibu na Magharibi. Ni fupi, ina joto, lakini inarudi kila siku, na yote ninayoyasema kuhusu uzi wa hadithi kwa alfajiri yanaihusu na hiyo pia.

Uzi wa hadithi. Haukatiki. Unalala na wahusika, unaamka nao. Mbinu moja inayosaidia sana: usimalize tukio unapoondoka. Liache jambo katikati, mtu ameshika kitasa cha mlango, na kesho utajua pa kuanzia. Upungufu wake ni kwamba vikao ni vifupi, na sura ndefu yenye watu wengi, kwa mfano harusi au ugomvi wa mirathi, inakatwa vipande vipande. Msomaji makini huviona viungo.

Hatua ya kazi. Nzuri mno kwa rasimu. Kwa kusahihisha riwaya nzima ni dhaifu, kwa sababu saa moja haitoshi kuishika kazi yote kichwani kwa pamoja.

Inamfaa nani. Mwalimu, mtumishi wa ofisi, mwenye duka asiyefungua mapema, na yeyote anayelala mapema bila ya kujilazimisha. Haimfai mvuvi, wala anayefanya kazi za usiku hotelini, wala mzazi ambaye alfajiri ndiyo saa yake ya kuhangaika.

USIKU, BAADA YA ISHA

Utulivu. Unakuja kwa hatua. Saa mbili usiku bado kuna chakula, tamthilia, na watu barazani. Saa nne watu wanaanza kuaga. Saa tano nyumba ni yako. Kwa hiyo mwandishi wa usiku ana subira ya saa mbili tatu kabla ya kuanza, na wengi wanashindwa hapo kwa sababu simu inawala wakisubiri.

Na kuna jambo zito zaidi. Baraza ni mali ya mwandishi wa riwaya wa Kizanzibari. Pale Jaws Corner, kwenye kahawa na bao, au kibarazani kwa jirani Michenzani au Wete, ndipo mtu anaposikia namna watu wanavyokatana kauli, wanavyotaniana, wanavyosema jambo kwa kuzunguka. Mazungumzo ya riwaya yanayosikika kama watu halisi yanatoka huko. Anayeandika saa moja baada ya kuondoka barazani bado ana sauti hizo masikioni. Wa alfajiri amezilalia, na nyengine zimepotea. Ila ukiamua kuandika tangu saa mbili, umejinyima baraza yenyewe, na baada ya mwaka wahusika wako wote wataanza kuzungumza kama wewe. Afadhali ukae barazani kwanza na uandike baadaye, hata kama utapata saa moja tu.

Joto na mwanga. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene na hewa yake inavumilika. Nyumba ya matofali yenye paa la bati huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, hubaki na joto la mchana mpaka usiku mwingi, na usiku wa Februari bila feni hauandikiki. Mbu nao wapo. Halafu umeme: waliokuwa wakiandika Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa gridi kwa karibu miezi mitatu, wanakumbuka maana ya kuandika kwa kandili. Siku hizi hali si ile, lakini mwandishi wa usiku anapaswa kuwa na taa ya kuchaji, na daftari kwa ajili ya usiku ambao kompyuta imeisha chaji.

Nyumba na kazi. Kwa wengi ndiyo saa pekee ambayo hakuna deni la mtu juu yake. Watoto wamelala, mlango umefungwa. Lakini mwili unalipa kesho. Dereva na muuguzi wasikeshe usiku wa kuamkia zamu. Riwaya haina thamani ya kuhatarisha mtu mwengine barabarani au wodini. Na mwenye mke au mume azungumze naye mapema, kwani usiku ndio muda wa wawili hao kusikilizana, na mtu asiyeshauriwa ana haki ya kununa.

Uzi wa hadithi. Haukatiki sana, ila unayumba. Usiku hushambuliwa na mambo: harusi, hitima, mgonjwa, mpira, uchovu tu. Aliyepanga mara nne kwa wiki hupata mara mbili. Hilo lisikutishe, panga kwa hesabu ya mbili, na ikija ya tatu ni faida.

Hatua ya kazi. Usiku unafaa kwa mazungumzo, kwa matukio ya huzuni na hofu, na kwa kuandika bila kujihukumu, kwa kuwa akili iliyochoka kidogo haina nguvu ya kujikosoa kila neno. Kwa sababu hiyohiyo haufai kusahihisha. Ukurasa ulioonekana mzuri saa saba za usiku usome tena mchana kabla ya kumpa mtu.

Inamfaa nani. Asiyeweza kuamka mapema hata akijitahidi, mwenye biashara inayoanza asubuhi, mzazi wa watoto wadogo wanaolala mapema, na mwandishi ambaye riwaya yake imejaa sauti za watu.

SIKU ZA KUJITENGA

Utulivu. Kwa karatasi ndiyo njia yenye utulivu mkubwa kuliko zote. Kwa vitendo inategemea unakwenda wapi, na hapa nitakaa kidogo, kwani watu wengi wanaipenda njia hii kabla ya kuijua.

Ukijitenga nyumbani, umejifungia tu mlango. Watu wanajua upo. Ukienda kwa jamaa shamba, Makunduchi au Kizimkazi au Konde kule Pemba, umekuwa mgeni, na mgeni haachwi peke yake. Utaletewa madafu, utaamkiwa, utaulizwa habari za mjini, na kukataa kutoka chumbani ni utovu wa adabu. Dawa yake ni kumwambia mwenyeji kabla hujafika, kwa lugha anayoifahamu: nina kazi ya kuandika, naomba niachwe tangu asubuhi mpaka Adhuhuri, kisha mimi ni wenu. Nimeona wazee wakiliheshimu ombi hilo kuliko tunavyodhani, hasa likitolewa mapema na kwa sababu. Na jioni utakayokaa nao si hasara. Anayeandika kuhusu Tumbatu au Makunduchi bila kusikia lugha ya huko kutoka kwa wenyewe anaandika kwa kukisia.

Ukichukua chumba cha kulala wageni, angalia msimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena mwisho wa mwaka, pwani ya mashariki imejaa watalii na bei zimepanda. Masika, Aprili na Mei, ndiyo nafuu: wageni wamepungua, baadhi ya hoteli zimefungwa, na mvua inakupa kisingizio cha kutotoka. Ila chukua mfuko wa nailoni wa madaftari, kwani unyevu wa masika hulainisha karatasi na kuzitia ukungu. Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, nenda kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Usijidanganye kuwa utaandika.

Joto na mwanga. Hakuna la kusema zaidi ya kwamba unaweza kuchagua saa zako: kuandika asubuhi na jioni, kulala mchana.

Nyumba na kazi. Hili ni jambo la fedha na ruhusa. Boti ya kwenda Pemba, chumba, chakula, na siku za likizo zisizolipwa kwa mwenye biashara yake. Mwenye watoto wadogo anahitaji mama, dada au wifi wa kumshikia nyumba, na wema huo hauombwi kila mwezi. Halafu harusi nyingi huangukia mwisho wa wiki, siku zilezile ulizozitenga, na maziko hayana siku. Ukitengewa siku tatu na ukafiwa katika mojawapo, utakwenda kuzika, kama ipasavyo, na mwezi umekwisha. Wa alfajiri angepoteza kikao kimoja.

Uzi wa hadithi. Nimeshasema: ndipo ilipo hasara yake. Inapunguzika kwa kitu kidogo. Katika siku zisizo za kuandika, fungua kazi yako kila jioni usome ukurasa mmoja tu, au jirekodi kwa simu ukiwa njiani ukieleza tukio linalofuata. Hata dakika kumi zinatosha kuwafanya wahusika wasikugeukie wageni.

Hatua ya kazi. Kwa kusahihisha, haina mpinzani. Riwaya inataka isomwe mwanzo mpaka mwisho kwa muda mfupi ili uone kwamba jina la shangazi limebadilika katikati, kwamba mvua ya vuli imenyesha mwezi wa Agosti, kwamba siri iliyofichuliwa sura ya tisa ilikwishatajwa sura ya tatu. Hilo haliwezekani kwa vipande vya saa moja. Pia kwa anayehitaji utafiti, kwa mfano riwaya ya zama za Sultani au ya miaka ya Mapinduzi, siku kadhaa mfululizo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinazaa kuliko kupita mara mojamoja.

Inamfaa nani. Mwalimu wakati wa likizo ya skuli, mwenye kazi ya zamu anayepata siku kadhaa za mapumziko pamoja, aliyekwisha kuwa na rasimu, na anayekimbiza tarehe ya mwisho ya mashindano. Siku hizi zipo tuzo za kuandikia kwa Kiswahili, kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na tarehe zake hazimsubiri mtu.

Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani inazipindua njia zote, tena kila mwaka inawahi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo ihesabu katika mpango wako. Baada ya futari na tarawehe watu wako macho mpaka usiku mwingi, na usiku unakuwa na watu kuliko mchana. Kujitenga ni vigumu, na wengi hawataki kuwa mbali na nyumba zao mwezi huo. Inayobaki ni ile saa baina ya daku na adhana, au mara baada ya sala, mji unapolala. Anayetaka kuacha kuandika kabisa mwezi huo na kushughulika na ibada aache kwa moyo mmoja, ila kabla ya mwandamo aandike ukurasa wa maelekezo kwa nafsi yake: nimefikia wapi, nani anajua nini, kinafuata nini. Baada ya Idi ataushukuru.

Kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kumaliza rasimu hata moja, na nyumba inakuruhusu, jaribu alfajiri kwanza, au alasiri ikiwa wewe ni mama wa watoto wa skuli. Kinachoua rasimu ya kwanza ni kuachwa, na njia hizi ndizo zinazoiacha kwa muda mfupi.

Ikiwa rasimu ipo na imekushinda kuishika yote, usibadilishe maisha. Tafuta siku tatu au nne mfululizo, mara moja, uisome nzima na kalamu mkononi. Kisha rudi kwenye saa yako ya kawaida ufanye marekebisho uliyoyaandika.

Ikiwa mazungumzo yako ni makavu, hamia usiku kwa muda, na ukae barazani kabla ya kuandika.

Ikiwa kazi yako ni ya zamu na hakuna saa inayojirudia, shika siku za kujitenga, pamoja na ule ukurasa mmoja wa kusoma kila jioni. Bila huo, njia hii itakuchosha.

Ikiwa nyumba ina watu wengi na chumba ni kimoja, amua kwa kuuliza saa ipi wenzako wako radhi kukuachia, hata kama wewe ungependa nyengine. Saa mbaya uliyopewa kwa ridhaa utaipata kesho na keshokutwa.

Na ikiwa umeshachagua na bado hujui kama umechagua vyema, ipe njia hiyo mwezi mmoja usio na Ramadhani wala harusi ya nyumbani, na mwisho wake pima jambo moja: kila ulipokaa kuandika, ilikuchukua muda gani mpaka ukaandika sentensi mpya? Ukiona muda huo unapungua wiki hadi wiki, baki hapo. Ukiona unaongezeka, hamia njia nyengine, hata kama ile ya kwanza ndiyo uliyoisikia ikisifiwa.